Refleksi zitazamwe kwa mtoto mchanga, zisiuzwe kwa mzazi wa mwanafunzi

Bwana Mhariri,

Mimi ni mkunga mstaafu, mkaaji wa Kamalondo hapa Lubumbashi. Kwa miaka 31 nilipokea watoto katika materinite mbili za mji huu, na hata leo kuna usiku ambao mlango wangu unagongwa. Ninaandika kwa sababu ya barua mliyoichapa ya mzazi aliyesifu tiba ya mazoezi kwa watoto wanaoshindwa kusoma. Aliandika kwa moyo mwema, nami simlaumu. Alisema mtoto wake hakuwa mvivu wala mjinga, na hapo niko pamoja naye kabisa. Lakini alisema pia kwamba chanzo cha yote ni refleksi za uchanga, yaani mijongeo ambayo mwili wa mtoto mchanga huifanya wenyewe bila yeye kukusudia, ambazo hazijazimika mwilini, na akawahimiza wazazi wote wenye watoto wa namna hiyo waikimbilie tiba hiyo. Maneno hayohayo yaliingia nyumbani kwa binti yangu mwaka jana, na nusura yamnyang'anye mashini yake ya kushona.

Binti yangu anaishi kwa kushona. Kijana wake wa pili ana miaka 9. Alianza shule akiwa mchangamfu, akamaliza mwaka wa kwanza bila kujua kusoma, akapandishwa hivyohivyo, na mwaka wa pili akadubla, yaani akarudia darasa. Buletini yake ya alama ilirudi imejaa wino mwekundu. Ukimpa kitabu anatazama picha kwanza, kisha anajitungia maneno. Herufi b na d kwake ni mapacha asioweza kuwatenganisha. Basi bwana mmoja akaita wazazi kwenye ukumbi, amevaa koti jeupe la kidaktari, akawapima watoto mmoja mmoja. Mjukuu wangu aliwekwa sakafuni kwa magoti na viganja, akageuzwa uso upande wa kulia, na kiwiko cha mkono wa kushoto kikakunjika. Hicho tu. Akaambiwa mama yake kwamba refleksi ya shingo ingali hai, na kwamba ndiyo inayompotezea mtoto mstari anaposoma. Seansi 24 za mazoezi, kila moja dola 10. Binti yangu alilipa 8 za kwanza, dola 80, halafu akaja kwangu kuuliza kama auze mashini ili alipe zilizobaki.

"Mama," aliniambia, "amesema bongo ya mtoto ingali imefunga. Mazoezi ndiyo yataifungua."

Nilimwomba asiuze kitu mpaka nimwangalie mtoto mimi mwenyewe.

Refleksi hizi nazijua kwa viganja, Bwana Mhariri. Mtoto akishazaliwa, akakaushwa, akalia, akapumzika kifuani pa mama yake, tunamchukua tena kumwangalia. Unamlaza juu ya mikono yako miwili, mmoja chini ya mgongo, mwingine chini ya kisogo. Unakiachia kichwa kishuke kidogo tu, kama upana wa vidole viwili, kisha unakidaka. Mtoto anashtuka. Mikono yote miwili inafunguka, vidole vinatanuka, halafu inarudi kifuani polepole kama ya mtu anayetaka kukumbatia, na mara nyingi kilio kinafuata. Inaitwa refleksi ya Moro, kwa jina la Ernst Moro, daktari wa watoto wa Heidelberg, Ujerumani, aliyeieleza mwaka 1918. Ukimpapasa mtoto shavuni anageuza mdomo kutafuta ziwa. Ukimwekea kidole kiganjani anakikamata kwa nguvu ambayo hukuitegemea. Ukimgeuza uso kulia, mkono wa kulia unanyooka na wa kushoto unakunjwa nyuma ya kichwa, kama anayevuta upinde. Hiyo ya upinde ndiyo refleksi ya shingo aliyoitaja yule bwana.

Hatukuzitazama kwa kujifurahisha. Nakumbuka mtoto mmoja wa kilo 4 na gramu 300 aliyekwama bega wakati wa kutoka. Tulimtoa, akalia vizuri, mama yake akashukuru Mungu. Nilipoachia kichwa, mkono wa kushoto ulifunguka, wa kulia ukabaki umelala ubavuni. Nilirudia mara ya pili, ikawa vilevile. Neva za bega zilikuwa zimevutwa. Daktari aliitwa siku hiyohiyo, na baadaye kine, yaani mtaalamu wa kunyoosha viungo, akamfundisha mama namna ya kuubeba mkono ule na kuuchezesha taratibu. Kabla mtoto hajatembea, mkono ulikuwa unachukua mkate. Laiti ningemvisha nguo bila kuachia kichwa, mama angegundua lini?

Na kama zinavyotakiwa kuwepo mwanzoni, ndivyo zinavyotakiwa kuondoka. Moro na ile ya upinde hupungua na kutoweka kati ya miezi 4 na 6. Kiganja nacho hufunguka katika miezi hiyo, la sivyo mtoto hawezi kuachia kitu alichokishika. Hazifi. Sehemu za juu za ubongo zikikomaa, zinazifunika. Ndiyo maana mzee ambaye sehemu ya mbele ya ubongo imeumia anaweza kukikamata kidole chako kama mchanga. Na mtoto ambaye Moro yake ingali na nguvu akiwa na miezi 9, hapo kweli tunapata hofu, maana huenda ana mtindio wa ubongo, yaani ubongo uliumia mapema na viungo haviutii vizuri: labda alichelewa kulia alipozaliwa, au alizaliwa njiti, au manjano ilimpanda sana, au alipata meninjitisi.

Mjukuu wangu hana lolote kati ya hayo. Alizaliwa mikononi mwangu. Anapanda mwembe, anadaka mpira kwa mkono mmoja. Jioni ile niliwakusanya watoto wa avenyu yetu kwenye mkeka, sita pamoja naye, wa miaka 7 hadi 10, nikawapima kwa namna ileile ya yule bwana: magoti, viganja, geuza uso. Wanne kati ya sita viwiko vililegea. Aliyekunja kuliko wote ni binti wa jirani, ambaye huwa wa kwanza darasani na ndiye anayemsomea kambo yake, yaani bibi yake, Biblia usiku umeme ukikatika, kwa mwanga wa simu. Watoto sita kwenye mkeka si utafiti, najua vizuri. Lakini kilinitosha kumwambia binti yangu kwamba kiwiko kilichokunjika hakituambii kwa nini mtoto hasomi.

Yule bwana aligawa karatasi iliyotaja utafiti wa Belfast, huko Ireland ya Kaskazini. Nilimpa mwana wa dada yangu, anayesomea kine, akautafuta kwenye simu akanisomea. Upo kweli. Ulitoka mwaka 2000 katika The Lancet, jarida kubwa la madaktari. Walichukua watoto 60 wa miaka 8 hadi 11 waliokuwa nyuma katika kusoma na ambao refleksi ile ya shingo ilikuwa ingali inaonekana kwao, wakawagawa makundi matatu, 20 kila kundi. Kundi moja lilifanya mijongeo inayoiga ya mtoto mchanga, lingine lilifanya mijongeo mingine tu, la tatu halikufanya kitu. Baada ya mwaka, kundi la kwanza refleksi ilipungua na kusoma kulisogea mbele kuliko wenzao. Sitaki kuuficha utafiti huo kwa sababu haunisaidii. Lakini watoto 20 katika kundi wanawapa wataalamu sababu ya kuuliza zaidi. Hawampi mtu ruhusa ya kumwambia mshonaji kwamba bongo ya mwanawe imefunga na ufunguo ni dola 240. Na wale wa Belfast walichaguliwa baada ya kupimwa kwa makini. Pale ukumbini, kama nilivyoelezwa, hakuna mtoto hata mmoja aliyepimwa akaambiwa hana tatizo.

Wazo la kumrudisha mtoto chini atambae upya ili ubongo ujipange si jipya. Huko Philadelphia, Marekani, akina Glenn Doman na Carl Delacato walilieneza tangu miaka ya 1950 na 1960. Watu wazima kadhaa walimshika mtoto, huyu kichwa, huyu mkono, huyu mguu, wakamchezesha kama anayetambaa, mara kadhaa kwa siku, siku zote za juma. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilitoa tahadhari mwaka 1982 na kuirudia mwaka 1999: ushahidi hautoshi, na mzigo kwa familia ni mkubwa mno. Nilipomsomea binti yangu neno hilo la mzigo kwa familia, alinyamaza kwa muda mrefu. Alikuwa ameacha kushona alasiri tatu kila juma ili kumpeleka mtoto.

Kuna jambo la hapa kwetu Afrika ambalo limenifundisha zaidi. Mtafiti mmoja Mmarekani, Charles Super, aliishi kati ya Wakipsigis wa Kenya na kuandika mwaka 1976 namna akina mama wanavyowafundisha wachanga kukaa na kutembea. Mama anachimba kishimo kidogo, anamkalisha mtoto, anamzungushia nguo zilizokunjwa asianguke. Anamshika makwapa anamrukisha juu ya mapaja. Watoto wale walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani. Lakini kutambaa, ambako hawakufundishwa, hawakuwatangulia. Nilipoelezwa hayo niliona bafu zetu: kambo ameketi kwenye kibao, beseni la maji ya vuguvugu, mtoto amepakwa mafuta, ananyooshwa mkono huu na mguu ule, anakandwa mgongo. Mtoto anachozoezwa ndicho kinachokua. Aliyezoezwa kukaa hukaa. Basi mtoto ambaye hajui kusoma azoezwe kusoma.

Nasema hivyo nikijua si rahisi, kwa maana tulijaribu.

Kwanza, masikio. Nilipokaa na mjukuu wangu siku nzima, niligundua kwamba ukimwita kutoka kushoto hageuki. Niliinama nikanusa: usaha. Mama yake alijua sikio hilo hutoka maji mara kwa mara tangu ana miaka 4, lakini kwa kuwa halimuumi, lilizoeleka. Daktari wa masikio aliangalia akakuta ngoma ya sikio imetoboka. Alipewa matone, tukafundishwa kusokota kitambaa safi na kulikausha sikio kila siku, na maji yasiingie anapooga. Darasani alikuwa anakaa benchi la nyuma, sikio zima likiwa upande wa ukuta. Darasa lake lina watoto 68. Tangu shule za msingi za serikali hapa Kongo zilipofanywa za bure mwaka 2019, madarasa yamejaa, na bure hiyo ni haki ya watoto wetu, sitaki irudi nyuma. Lakini fikiria mtoto mwenye sikio moja, benchi la nyuma, kati ya sauti 68. Mwalimu wake, mwanamke kijana, alimhamishia mbele siku ileile tulipomweleza. Hakujua. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Pili, herufi zenyewe. Mtoto huyu nyumbani anasema Kiswahili, shuleni alipewa Kifaransa tangu siku ya kwanza. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inataka lugha za nchi zitumike kufundishia, nasi wazazi wenyewe ndio mara nyingi tunaokataa, tukiona Kiswahili ni cha sokoni. Mtazame mtoto anayekutana na neno "eau": herufi tatu, sauti moja, na hakuna hata herufi moja kati ya hizo tatu inayosikika humo. Na maana yake haijui. Ategemee nini kama si picha?

Nilichukua vifuniko vya chupa za soda, nikaandika silabi ndani yake: ba, be, bi, bo, bu, ma, me, mi, hadi vikajaa kopo la maziwa. Kila jioni robo saa, si zaidi, kabla ya kula. Nilisema sauti, naye alitafuta kifuniko. Majuma mawili ya kwanza alikuwa anakisia na kunitazama usoni. Sikumkubalia kwa kichwa wala kwa macho. Siku moja nilimpangia vifuniko vitatu juu ya sinia bila kusema kitu. Aliweka kidole kwenye cha kwanza. "Bu." Akasogea. "Ka." Akasogea tena. "Ri." Akarudia peke yake, chini kwa chini, mara tatu, akizidi kuharakisha, halafu akainua kichwa akaitazama sufuria iliyokuwa motoni. "Kambo! Bukari!" Ndivyo tunavyouita ugali hapa kwetu. Nilimshika kichwa, sikuweza kusema.

Kwa b na d tulitandaza unga kidogo kwenye sinia akaandika kwa kidole akitamka sauti, jioni baada ya jioni. Mpaka leo akichoka anazichanganya. Mwezi wa sita alisoma aya nzima mbele ya mama yake, polepole, akirudi nyuma mara mbili. Sina muujiza wa kuwaletea. Ana njia ndefu bado, na Kifaransa ndicho tunachokianza sasa, neno kwa neno, kwa kuwa sasa anajua kwamba herufi ni sauti.

Wala sikumkataza kucheza. Mtoto anayekimbia, anayeruka kamba, anayecheza mpira hulala vizuri na hutulia benchini, na walimu wasiwanyime watoto rekreasi kwa kisingizio cha masomo. Nisieleweke vibaya pia kuhusu makine. Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo kazi yao ni dhahabu, na mapema zaidi ni bora zaidi. Ninachokataa ni kwamba familia zinatoa pesa kwa ajili ya refleksi ya mtoto wa miaka 9 anayepanda mwembe, ilhali refleksi ya mtoto wa miezi 9 haitazamwi na mtu.

Hapa ndipo penye uchungu wangu mkubwa, na ndipo ningependa gazeti lenu lipigie kelele. Miezi michache kabla sijastaafu, mama mmoja aliniletea mtoto wa miaka 3. Hakai mwenyewe. Ngumi zimefumbwa, vidole gumba vimefungiwa ndani, miguu inapishana kama mkasi. Nilipofunga mlango ukapiga kidogo, mikono yake ikafunguka yote miwili, kama mtoto wa siku mbili. Mama akanipa fishi yake, ile kadi ya kliniki ya mtoto. Imejaa mihuri: chanjo za kuzaliwa, za majuma 6, 10 na 14, ya surua ya miezi 9. Hakukosa hata moja. Kila mara mtoto alining'inizwa kwenye mzani, kilo zikaandikwa, sindano ikapigwa, akaitwa mwingine. Kila mara mama aliuliza kwa nini mtoto hafungui mikono, akajibiwa atachelewa tu, usiogope. Mara tano mtoto yule alipita mbele yetu sisi wa koti jeupe. Nasema sisi, kwa kuwa katika siku za kupima watoto nami nilisimama kwenye mstari ule miaka mingi, nikiharakisha foleni iishe kabla ya jua kali.

Wauguzi wenzangu mnaopima watoto katika sante zetu, yaani vituo vya afya, kutoka Ruashi hadi Katuba: dakika moja tu. Siku ya chanjo ya majuma 14, mwangalie kama anashika kichwa, kama viganja vimeanza kufunguka, kama anaufuata uso wa mama yake. Siku ya surua, miezi 9, Moro iwe imeondoka na mtoto awe anakaa. Mpe kitu upande huu na upande ule: atumie mikono yote miwili, maana mtoto wa umri huo anayeuacha mkono mmoja kabisa ana jambo. Kisha mshike kiunoni umwinamishe ghafla kidogo kuelekea meza. Atatoa mikono mbele kujikinga. Hiyo nayo ni refleksi, lakini yenyewe huja umri huo na kubaki maisha yote. Isipokuja, au ikija kwa mkono mmoja, andika kwenye fishi na umtume kwa daktari wa watoto siku hiyo, usimwambie mama asubiri.

Kwa mzazi aliyeandika ile barua: kama mtoto wako amesogea mbele, nafurahi pamoja nawe, na sitaki kukunyang'anya furaha hiyo. Nakuomba jambo moja tu. Kabla ya seansi zinazofuata, mpeleke apimwe masikio na macho, na umuulize mwalimu wake ni silabi zipi hazijui. Ukikosa vifuniko vya chupa, kopo langu liko hapa, nitakuazima.

Na sante yoyote ya Lubumbashi ikitaka kuwaonyesha wauguzi wake upimaji huo wa dakika moja, nitakuja bila malipo siku yoyote isipokuwa Jumapili. Nina mdoli wa kitambaa niliofundishia wakunga wadogo, kichwa chake kina mchanga ndani kiwe kizito kama cha mtoto wa kweli. Ninahitaji meza tu.

Mkunga mstaafu,
Kamalondo, Lubumbashi